Fundi Aliyeogopa Mkasi

Ninyi mafundi wa siku hizi mkinikuta nimekaa hapa kibarazani Chemchem, miguu nimeinyoosha, naikosoa mishono yenu, mnasema, "Mzee Mayunga huyu alizaliwa na mkasi mkononi." Nacheka kwa sababu nawapenda, na kwa sababu mnaninunulia kahawa. Lakini sikilizeni leo niwaambie kitu ambacho sikuwahi kuwaambia. Nilikaa mwaka mzima na ushee nikiitwa fundi cherehani huku siwezi kukata nguo. Si kwamba sikujua kukata. Nilijua vizuri. Niliogopa.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya binti mmoja wenu, simtaji jina. Juzi nilimwona anapima kitambaa cha mteja mara sita. Anakipima, anakikunja, anakwenda kunywa maji, anarudi, anapima tena. Wenzake wakawa wanamcheka chini chini. Mimi sikucheka, mwanangu. Nilikutambua pale pale, kwa sababu na mimi nilikunywa maji mengi sana enzi zangu.

Kazi niliisomea kwa Fundi Songoro, wakati wa Mwingereza, kwenye baraza la duka moja la Mhindi pale sokoni. Songoro alikuwa Mmanyema, babu yake alifika Tabora na misafara ya pembe akaona hapa panamtosha. Mtu mnene, kofia ya mkono kichwani, mpole sana kwa wateja na mkali sana kwa kitambaa. Mimi nilikuwa kijana wa Puge, mtoto wa wakulima wa karanga, Mkatoliki. Baba alinileta na mbuzi mmoja na debe la asali kuwa ada, akamwambia Songoro, "Huyu kwenye jembe ameshindikana, labda sindano ataimudu." Ndiyo sifa niliyokwenda nayo mjini.

Mlivyo na bahati ninyi, mnakalia cherehani leo, kesho mnajiita mafundi. Mimi masika mazima nilipiga pedali bila uzi, nikifuatisha mistari kwenye makaratasi. Nikafundishwa kunoa chaki kwa kisu, maana mstari mnene unakupotezea nusu kidole kabla hujaanza. Nikafundishwa kuitemea mate pasi ya mkaa na kusikiliza: ikifoka haraka ni ya amerikani, ile pamba nzito, ikinong'ona ni ya hariri. Nikafundishwa kuutambua uso wa drili, kile kitambaa kigumu cha makoti, kwa mistari yake ya mshazari, na kwamba drili ina uso na mgongo na haisamehe anayesahau.

Mimi nilisahau. Kazi yangu ya kwanza kuikata peke yangu ilikuwa koti la katekista wetu wa Puge, rafiki wa baba. Vita vya Hitla vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, nguo ilikuwa adimu, na yule mzee drili yake aliipata kwa foleni na kwa kibali. Nilikuwa na haraka ya kujionyesha. Nikakata vipande viwili vya mbele, vyote vya kushoto. Nilipovishikilia juu kuvilinganisha, vyote viwili vikanitazama kwa upande mmoja, na huwezi kugeuza kimoja maana mgongo wake utaonekana. Kitambaa cha kurudia hakikuwapo. Katekista alikuwa amekaa hapo hapo barazani, anasubiri, anatabasamu.

Songoro hakunipiga. Alivitazama vile vipande, akakipindua kimoja kichwa chini, akachukua chaki avipunguze, na kabla ya adhuhuri katekista akaondoka na kizibao kizuri sana, hana habari kwamba kilitakiwa kuwa koti lenye mikono. Nasikia alikivaa miaka mingi. Lakini mimi kitu kiliniingia siku ile, na hakikutoka.

Kilianza kwa ujanja. Nilijiambia, hatari ni kukata ndogo, basi nitakata kubwa. Nikawa naongeza vidole vitatu kila upande, kwa usalama. Kiunoni vitatu, kifuani vitatu, miguuni vitatu. Kuna karani wa stesheni ya Igalula nilimkatia suruali, akarudi nayo ameikunja kwapani. Akaivaa pale pale juu ya ile aliyokuwa nayo, ikapita bila taabu. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Fundi, humu ndani tunaingia wangapi?" Baraza zima likaanguka kwa kicheko. Kuanzia hapo nikaitwa Fundi Hema, na vitambaa vya watu vikawa vinakwisha bure wakati mji mzima unalia nguo.

Basi ujanja wa kwanza ukafa, nikaja na wa pili, mbaya zaidi. Nikaacha kukata. Sikusema nimeacha. Nilisema mkasi butu, nikaunoa. Nilisema macho yananiwasha. Nilisema leo nipige pasi, kesho nitakata. Nikawa hodari wa vifungo, hodari wa pindo, hodari wa kufagia. Na kila nilipokwepa, nilisikia raha kubwa, kama mtu aliyetua mzigo. Ile raha ndiyo iliyonidanganya. Maana siku ya pili mkasi ulikuwa mzito kuliko jana, na mambo ya kukwepa yalikuwa yameongezeka.

Nitakueleza hali yenyewe ilivyokuwa, binti yangu, ili usidhani ni wewe peke yako. Nikigusa mkasi, kwanza viganja vinalowa. Halafu moyo unaanza kukimbia bila kutumwa. Masikio yanavuma, pumzi inakatikia kooni, na tumbo linadai choo. Kichwani kuna sauti moja haina kazi nyingine ila kuuliza, na je? Na je ukikosea? Na je kitambaa hakitoshi? Na je wakicheka? Ukiijibu moja, inaleta nyingine.

Na haikubaki kazini. Jioni nikishafika chumbani kwangu huku Chemchem, ile sauti inaniuliza kama makaa ya pasi niliyazima. Nilikuwa nimeyamwaga mwenyewe, nikayatia maji, nikayaona yanafuka moshi. Lakini natembea mpaka sokoni, nayatazama, narudi, na nikikaribia mlangoni nageuka tena. Chakula kikawa hakipiti. Kwetu Puge nikaacha kwenda, eti kazi nyingi, kumbe namkwepa katekista ambaye hana hata kinyongo na mimi. Misa ya Jumapili nikawa nasali nikiwa nimesimama mlangoni. Dunia yangu ikapungua upana, kila mwezi inapungua, mpaka ikabaki njia moja kutoka chumbani mpaka kwenye baraza.

Mama alikuja kunitazama, akasema nimetupiwa jicho, akanifunga hirizi mkononi. Mpangaji mwenzangu akasema nina jini anayetaka uvumba. Nikaenda hospitali, bwana dawa akaniwekea mpira wake kifuani, akasikiliza, akasema, "Moyo wako mzima, unadunda kama wa fahali. Nenda kafanye kazi." Nikatoka pale nikiwa na hofu zaidi, kwa sababu sasa sikuwa hata na ugonjwa wa kusingizia.

Aliyejua ni Songoro. Siku moja, wateja wametulia, aliniita, akanipa kikombe cha kahawa chungu, akaniuliza, "Mayunga, koti la katekista liliharibika?"

"Liliharibika, fundi."

"Katekista yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko Puge."

"Anakula?"

"Anakula."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko hapa."

"Haya. Sasa nisikilize. Woga wako haukudanganyi unaposema kitambaa kinaweza kuharibika. Kinaweza, na mimi nimeharibu vingi. Unakudanganya unaposema kikiharibika na wewe umekwisha."

Kuanzia siku ile akanipangia kazi. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, nikate. Kwanza magunia ya karanga, nifuate mstari wa chaki. Halafu kaniki kuukuu. Akanikataza mambo mawili. Nisisubiri moyo utulie ndipo nikate, nikate ukiwa unadunda, maana alisema utanyamaza wenyewe ukichoka. Na nisimwulize, "Fundi, hapa ni sawa?" zaidi ya mara moja. "Ya kwanza nitakujibu," alisema. "Ya pili nitakunywa kahawa yangu."

Na alikunywa kweli. Nilimchukia. Lakini magunia yakanizoea, kaniki zikanizoea. Kilichobaki ni kitambaa cha mteja, kile chenye macho ya mwenyewe juu yake. Hapo nilikwama miezi.

Kulikuwa na sheria ya baraza letu iliyofanya mkwamo wangu uwe mtamu: aliyepima ndiye anayekata. Songoro aliishika sheria hiyo kama swala tano. Alisema futi inakupa hesabu tu, lakini mkono uliopima unakumbuka bega lililoshuka, mgongo uliopinda, tumbo lililovutwa ndani kwa aibu. Kwa hiyo nisipopima, sikati. Futi ikawa adui yangu wa pili. Mteja akipanda ngazi, mimi nainama kutafuta sindano isiyopotea.

Sasa ndipo akaja Bi Mwanaidi.

Alikuwa mjane, muuza vitumbua, mji mzima unamjua kwa sauti yake. Mwanawe wa pekee, Rajabu, alikwenda vitani Burma na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akarudi mzima wa viungo vyote. Bi Mwanaidi alipanda barazani na furushi la kitambaa kifuani, akalifungua juu ya meza yetu. Sufu nyeusi ya joho, nzito, inanukia udi. Marehemu mumewe aliinunua kabla ya vita kwa ajili ya harusi ya mtoto wake. Kipande kimoja. Duka lolote Tabora lisingeweza kukupa nusu yake wakati ule.

"Kaka Songoro," alisema, "harusi baada ya siku kumi, na mwanangu hapimiki."

"Hapimiki vipi, dada?"

"Mtu akikaa nyuma yake anageuka na ngumi. Fundi wa Ng'ambo kamlegeza jino, mimi nimekwenda kuomba radhi na sahani ya vitumbua. Kanzu zake za zamani hazimwingii, karudi kapanuka mabega na kukonda kwingine kote. Na sasa ananiambia kesho kutwa anakwenda mwenyewe kwa wazazi wa Hidaya, mchumba wake, avunje. Anasema, mama, siku ile watu wote watakuwa nyuma yangu. Siwezi." Akakaa kwenye ngazi akalia, yule mwanamke ambaye sauti yake inasikika stesheni.

Rajabu alikuja kesho yake, ameletwa na mama yake kama mtu anayepelekwa mahakamani. Mrefu, nadhifu, ana salamu nzuri. Akachagua pembe ya mwisho ya baraza, akaegemeza mgongo ukutani, akawa anatazama barabara. Wapita njia walimwamkia, akaitikia vizuri. Ungesema hana lolote. Halafu mfuniko wa pasi ukaniponyoka, ukagonga sakafu. Nilipogeuka, Rajabu alikuwa chini ya meza ya kukatia.

Watu wawili watatu walicheka. Akatoka taratibu, akajipangusa magoti, akarudi pembeni kwake, akawa anafuta viganja kwenye mapaja. Juu chini, juu chini. Nikaitazama ile mikono na nikajua. Hiyo ilikuwa mikono yangu. Nilidhani katika nchi nzima ya Unyamwezi hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo, na huyu hapa alikuwa nayo, askari, mtu aliyeona moto ambao mimi sijauona hata ndotoni. Nilimwonea huruma, na nitasema kweli, nilifurahi pia.

Songoro alikuwa ameishika futi, anasita. Mimi nikasogea, nikakaa sakafuni kando ya Rajabu, mgongo wangu ukutani kama wake.

"Kaka Rajabu," nilimwambia, "mimi nikishika mkasi huwa hivyo hivyo. Viganja, moyo, tumbo. Mwaka sasa."

Akanitazama. "Wewe si fundi cherehani?"

"Ndiye."

"Unaogopa mkasi?"

"Naogopa mkasi."

Akaanza kucheka. Alicheka kwa mshangao, si kwa dharau, mpaka machozi, na mama yake kule kwenye ngazi akaziba mdomo kwa kanga kwa kuwa alikuwa hajausikia ule mcheko tangu kijana arudi. Akaniuliza, "Sasa unafanyaje?" Nikamweleza habari za magunia na kaniki. Nikamwambia unaanza na kidogo, na husubiri moyo ukupe ruhusa. Nilijisikia nikiyasema kwa uhakika kama Songoro mwenyewe, mimi ambaye nilikuwa na miezi nimekwama.

"Nitakupima," nikasema. Sijui nani alinituma. "Nitakwambia kabla sijagusa. Ukisema basi, naacha."

Tukaazima kioo cha dukani, kile kikubwa cha wateja, tukakiegemeza mbele yake ili anione nikiwa nyuma. Ncha ya futi aishike mwenyewe. "Sasa naweka mkono bega la kulia," nikasema, nikauweka. Alikakamaa kama gogo. Tukasubiri. Sikumharakisha, maana najua mtu akikuharakisha pale inakuwaje. Nikaona kifua chake kinakimbia, kisha kinapunguza, kisha kinapunguza tena. "Sasa bega la kushoto." Akasema basi. Nikaacha. Baadaye kidogo akasema, "Haya, endelea." Kisogo mpaka kisigino, mkono, kifua. Tulitumia asubuhi nzima kwa kazi ya dakika tano. Siku ya pili, ile aliyosema atakwenda kuvunja harusi, alirudi barazani, nikamwambia leo tunarudia bila kioo. Akanitukana kidogo, kistaarabu. Tukarudia bila kioo. Mkono wangu ulikuwa mgongoni kwake, hanioni, na hakugeuka.

Bi Mwanaidi akaniita mwanangu. Baraza likanipigia makofi. Nikawa natembea kifua mbele, mpaka Songoro alipokunjua ile sufu nyeusi mezani, akaweka mkasi juu yake, mpini umeelekea kwangu.

"Fundi," nikasema, "hii kata wewe."

"Nani kapima?"

Hapo ndipo nilipojua nimejifunga mwenyewe. Kitambaa kimoja cha marehemu, hakuna kingine. Nikikosea, hakuna joho, na Rajabu anayetafuta sababu ya kukimbia ameipata, na Hidaya anaachwa na nguo za harusi sandukuni. Moyo ukaanza. Viganja vikaanza. Nikanoa chaki ambayo ilikuwa imekwisha kunolewa. Nikachora, nikapima, nikapima tena, nikamgeukia Songoro: "Fundi, shingo hapa ni sawa?"

"Sawa."

Nikapima tena. "Fundi, ni sawa kweli?"

Songoro akanyanyua kikombe, akanywa.

Basi Rajabu akatoka ukutani kwake. Alikuja mpaka mezani, akasimama upande wa pili, watu wa barabarani wote wako nyuma yake na yeye hakujali. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Niambie kabla hujagusa. Sema unachofanya."

Nikasema, "Sasa nakata pindo la chini." Sauti ilitoka nyembamba. Nikakata. "Sasa ubavu wa kulia." Nikakata. Moyo unadunda, nami nakata ukiwa unadunda. "Ubavu wa kushoto." Sufu nzito ina mlio wake mkasi unapoipita, mlio wa kutafuna, mzuri sana, na nilikuwa nimeusahau. Nikafika kwapani, nikapita kwapa. Nikasema, "Sasa shingo."

Nusu ya shingo nilikuwa nimeimaliza, nzuri, duara safi. Na Bi Mwanaidi kule kwenye ngazi, furaha ikamzidi, akapiga kigelegele.

Mimi na Rajabu tuliruka pamoja. Mkasi nao uliruka. Ulipotulia, ulikuwa umekula kidole kizima nje ya mstari.

Bi Mwanaidi alikuwa bado ameacha mdomo wazi. Nikatazama lile pengo, nikasubiri. Nilisubiri dunia ifanye kile ambacho kwa mwaka mzima niliambiwa itafanya. Mwendesha baiskeli alipita barabarani akipiga kengele. Mhindi ndani alikuwa anakunja gora lake la kitambaa. Moyo wangu ulidunda, ukadunda, halafu, nawaapia, ukachoka. Ukashuka wenyewe, pale pale, kosa likiwa mbele yangu.

Rajabu ndiye aliyeanza kucheka. "Mama," alisema, "Wajapani wote hawajanirusha hivyo."

Songoro akaweka kikombe chini. "Haya, Mayunga. Kosa hilo hapo. Unalifanyaje?"

Na ajabu ni kwamba nilijua. Kichwani kulikuwa kweupe. Nikasema, "Napanua na upande huu mwingine ulingane na ule. Halafu naziba kwa ukosi mpana wa hariri nyeusi, ulale bapa mpaka mabegani, na tunautarizi kasabu, uzi wa dhahabu." Nikakata ule upande wa pili bila kumuuliza mtu. Songoro aliukagua kwa kidole, akasema neno moja tu, "Fundi." Hakuwahi kuniita hivyo. Nililia mbele ya wateja na sikuona haya.

Joho lenye ukosi mpana halikuwahi kuonekana Tabora. Lilipotoka siku ya harusi, wazee wakauliza ni mtindo wa wapi, Songoro akajibu kwa uso mkavu kwamba ni mtindo wa Burma. Miaka mingi baadaye nilikuwa bado nashona shingo ya Rajabu, ndivyo mtindo ule ulivyoitwa, kwa maharusi wa mpaka Nzega, na yule karani wa Igalula alikuja kuozesha akataka hiyo hiyo, akaniomba tu niwe mwangalifu asiingie na wageni humo ndani. Niliwapima wote mimi, nikawakatia mimi. Na kila mara, wanangu, ile dakika ya kwanza moyo ulidunda. Mpaka nastaafu ulidunda. Kwa hiyo binti yangu, usingoje siku utakayoamka haudundi ndipo ukate. Kitambaa kikikaa sana kinaliwa na mende. Pima mara mbili, kunja futi uiweke mfukoni, na ukate. Ukikosea nitakuwa hapa hapa, nitakuuliza tu unalifanyaje.

Lakini nimalizie siku ya harusi yenyewe, maana ndiyo ninayoipenda.

Msafara ulitoka nyumbani kwa Bi Mwanaidi baada ya alasiri kwenda kwa kina Hidaya. Bwana harusi hutangulia, watu wote nyuma yake, na wapiga dufu nyuma yake karibu kabisa. Nilikuwa hatua tatu kutoka mgongoni kwake. Fundi siku hiyo haoni uso wa mtu, anaona mgongo, anaona kama joho limekaa shingoni au linarudi nyuma. Lilikuwa limekaa. Kasabu ilikuwa inawaka juani. Tulitembea hatua chache tukiimba, na nilimwona amekunja ngumi zote mbili.

Halafu dufu zikalia, zote kwa pamoja, nyuma yake pale pale. Mabega yakapanda juu, na joho langu likapanda nayo mpaka masikioni. Wenzangu waliendelea kuimba. Mimi niliacha. Nilimsikia anasema kitu, pole pole, anajisemea mwenyewe: "Sasa wanapiga dufu. Sasa ninatembea." Akavuta pumzi. Mabega yakashuka, kidogo kidogo, la kulia kwanza, kisha la kushoto, na sufu ikatulia juu yake vizuri kabisa pale nilipoikata. Ngumi zikafunguka. Akatembea mpaka mlangoni kwa Hidaya, mji mzima uko nyuma yake, na hakugeuka.